Mechi saba bila goli: je, niache namba tisa?

"Shikamoo kocha. Nina miaka 16, niko kidato cha tatu hapa Uyole, nacheza namba tisa, mshambuliaji wa kati. Mwaka jana kwenye timu ya vijana nilikuwa nafunga karibu kila mechi. Mwaka huu nimepandishwa timu ya wakubwa ya mtaa na mechi saba zimepita sijafunga hata moja. Kwa mechi napata shuti moja au mawili, mengi nje ya kumi na nane, yaani eneo la penalti, na nikipiga kwa nguvu mpira unapaa. Mabeki ni watu wazima, wananisukuma mpira haujafika. Mechi iliyopita niliotea mara nne. Kocha wetu anataka nisimame mbele, nisirudi kabisa. Mashabiki wanasema nimekuwa mzito, baba anasema nihamie winga. Halafu goti la kulia linauma chini ya pia, hasa nikiruka, na pametokeza kinundu. Mwenzangu ananiambia watu huchoma sindano ya maumivu kabla ya mechi. Mwaka huu nimerefuka sana. Je, kweli mimi ni mshambuliaji au najidanganya?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mengi, lakini naona linalokunyima usingizi ni lile la mwisho: kama kipaji cha mwaka jana kimekwisha, au hakikuwepo tangu mwanzo. Nitalijibu bila kukuficha kitu. Ila niruhusu nianze na goti, maana hilo halisubiri.

Kijana anayerefuka haraka, anayekimbia na kuruka kila siku, akisema panauma chini kidogo ya pia ya goti na pametokeza kinundu kigumu, mara nyingi sababu ni moja. Msuli mkubwa wa mbele ya paja unashuka, unapita juu ya pia, unakwenda kujishikiza juu ya mfupa wa muundi. Kwa umri wako, pale unapojishikiza bado hapajakomaa kuwa mfupa kamili. Mifupa inarefuka upesi, msuli unabaki umekaza, na kila ukiruka, ukipiga shuti au ukisimama ghafla, unavuta pale pale. Pakivutwa kila siku pasipo kupumzika, panauma na panavimba. Madaktari wanalifahamu vizuri tatizo hili, na kwa kawaida huisha mwili ukimaliza kukua.

Mimi ni kocha, si daktari, kwa hiyo nenda ukapimwe hospitali ili mtu alishike goti lenyewe. Lakini la sindano nakujibu sasa hivi: usichome. Maumivu ndiyo yanayokuambia ni lini upunguze mazoezi. Ukiyanyamazisha ukaingia uwanjani, utaendelea kuvuta pale palipoumia kwa dakika tisini bila kujua. Dawa zenyewe zina madhara yake kwa tumbo na figo zikizoeleka, na sindano ya kalio ikichomwa vibaya na mtu asiyejua inaweza kugusa mshipa wa fahamu wa mguu. Hakuna mechi ya mtaa yenye thamani hiyo. Punguza kuruka na kupiga mashuti ya nguvu kwa wiki kadhaa, weka barafu baada ya mazoezi, nyoosha misuli ya paja, na usipige mashuti mwili haujapata moto, hasa Juni na Julai ambapo asubuhi ya Uyole inauma hadi kwenye mifupa. Usingoje hata kidogo kama goti lenyewe limevimba, linakwama lisinyooke, linakuachia ghafla ukikimbia, linauma usiku umelala, au maumivu yanapanda nyongani ukaanza kuchechemea. Ukiona mojawapo, nenda siku hiyo hiyo, na umwambie mzazi.

Kurefuka huko huko kunajibu sehemu ya maneno ya mashabiki. Mwili ukiongezeka urefu kwa mwaka mmoja, miguu unayoiendesha si ile uliyoizoea. Hatua inakuwa ndefu, kugeuka kunachelewa, mguso wa kwanza unatoroka. Vijana wengi hupitia kipindi hiki, wanaonekana wazito, kisha mwili unajipanga upya. Wanaokuita mzito wanaona jambo la kweli, ila wanadhani ni la kudumu.

Sasa twende kwenye magoli. Fanya hesabu ndogo pamoja nami. Mechi saba, shuti moja au mawili kwa mechi, ni kama mashuti kumi hivi, na mengi umeyapiga kutoka nje ya kumi na nane. Kwenye ligi kubwa za dunia, ambako kila shuti linahesabiwa, kwa wastani mashuti kama kumi ndiyo hutoa goli moja, yakichanganywa ya karibu na ya mbali. Penalti, mpira umetengwa mita 11 na kipa peke yake, huingia kama tatu kati ya nne. Ya mbali huingia machache mno. Kwa hiyo mtu aliyepiga mashuti kumi mengi yakiwa ya mbali akakosa yote, hajapoteza kipaji. Yamemtokea yale ambayo yangemtokea karibu mshambuliaji yeyote. Ungeniambia umekosa kumi ukiwa hatua nane kutoka golini, tungezungumza habari nyingine. Shida yako inaanzia nyuma zaidi: hupati mpira pale magoli yanapofungwa. Jiulize mpira ulipokuwa kwa winga wenu, wewe ulikuwa wapi, na ulianza kukimbia lini.

Mwaka jana hukuhitaji kujiuliza. Mabeki wa umri wako walikuwa wanatazama mpira tu, na wewe ulikuwa na mbio kuliko wao. Mpira ukirushwa nyuma yao unawapita, unafunga. Beki mtu mzima, hata wa timu ya mtaa, amewakaba vijana wenye mbio miaka mingi. Hashindani nawe mbio. Anasimama mahali ambapo mbio zako hazina kazi, anakugusa kidogo kabla mpira haujafika, basi.

Lakini naye ana udhaifu mmoja ambao hauondoki hata akiwa fundi namna gani: macho yake yako mbele. Anatakiwa akuone wewe na auone mpira kwa wakati mmoja. Ukisimama mbele yake au ubavuni upande wa mpira, unamrahisishia kazi, anaviona vyote viwili bila kugeuza shingo. Mpira ukiwa kwa winga wa kulia, wewe sogea nyuma ya bega la beki, upande wa kushoto, hatua mbili tatu kutoka kwake. Sasa akitazama mpira hakuoni. Akitaka kukuona lazima ageuze kichwa. Atageuza mara moja, mara mbili, halafu winga atainua kichwa kupiga krosi na beki atalazimika kurudisha macho kwenye mpira. Hapo hapo ndipo unapoondoka. Usiondoke kabla, maana bado anakuona, wala usingoje mpira uwe umeshapigwa. Huhitaji mbio kubwa, unahitaji kuondoka yeye akiwa anatazama pengine, na kuwahi kwa nusu hatua kunatosha.

Ongeza na hatua za uongo. Piga hatua mbili za haraka kwenda nguzo ya mbali kana kwamba unaitaka, beki aegemee huko, kisha mkatie mbele kwenda nguzo ya karibu. Au kinyume chake. Ukikimbia mwendo mmoja mnyoofu tangu mwanzo hadi mwisho, unamwambia beki kila kitu.

Kuna kukimbia kwingine ambako vijana wengi hawakujui, na kwangu ndiko bora kuliko kote: kusimama. Winga wenu akimpita beki wa pembeni akafika karibu na mstari wa goli, mabeki wote hurudi mbio kuelekea golini kwao, macho kwenye mpira, na washambuliaji hurudi nao, wote wanajazana mbele ya kipa. Nyuma yao, karibu na alama ya penalti, hapana mtu. Wewe funga breki. Acha wapite. Kaa pale mita 11 umfungulie winga kifua, naye arudishe mpira chini kwa chini. Utaupokea ukiwa unatazama goli lote, mabeki wakiwa wanarudi nyuma na kipa amevutwa nguzo ya karibu. Na hapo kuotea hakupo kabisa, kwa sababu uko nyuma ya mpira. Hata kama mabeki wote wangekuwa mbali na goli lao kuliko wewe, mtu aliye nyuma ya mpira unapopigwa na mwenzake haotei.

Kwa kuwa tumefika kwenye kuotea, tunyooshe mambo matatu ambayo nasikia yakikosewa kila wikiendi viwanjani. Kwanza, kinachoangaliwa ni mahali ulipo wakati mwenzako anaugusa mpira kukupa, si mahali unapoupokelea. Pili, ukiwa sawa na beki wa pili kutoka mwisho, kipa akihesabiwa, hujaotea. Mikono haihesabiwi, ni kichwa, mwili na miguu tu. Tatu, ukipokea moja kwa moja kutoka mpira wa kurusha, kona au goli kiki, hakuna kuotea, wala hakuna kama uko nusu yenu ya uwanja. Hilo la mpira wa kurusha lina faida kubwa kwenye viwanja vyetu. Simama nyuma ya mabeki wakati wa kurusha, uone watakavyogombana wenyewe nani akufuate.

Zile mara nne za kuotea nadhani nazijua bila kuziona. Ulisimama bega kwa bega na beki wa mwisho, umetulia, unasubiri. Mtu aliyesimama akitaka kukimbia anahitaji muda kupata kasi, hivyo unajiibia hatua moja mapema, na beki mzoefu anachofanya ni kupiga hatua moja mbele. Kibendera juu. Badala yake anza mita mbili au tatu ndani, upande wa kwenu. Kimbia sambamba na mstari wa mabeki kwanza, kana kwamba unavuka uwanja, kisha pinda kuingia nyuma yao mpira unapopigwa. Utakuwa tayari na kasi, na beki atakuwa amesimama. Ishara ya kupinda isome kwa mwenye mpira: akiusukuma mbele ya mguu wake na kuinua kichwa, pasi inakuja. Akiwa bado ameinamia mpira, au ana mtu mgongoni, haiji. Endelea kuvuka. Zungumza na namba kumi wenu, yule anayecheza nyuma yako na kukupa pasi, juu ya hili nje ya uwanja, mkiwa wawili tu.

Kusukumwa. Hili lina mafunzo mafupi. Beki anakusukuma mpira haujafika kwa sababu wewe unasubiri mpira ufike ndipo ujiandae, umesimama wima, miguu imekaribiana. Geuza utaratibu. Mpira ukiwa njiani, wewe ndiye umtafute beki kwanza: kunja magoti kidogo, tanua miguu, mwegemee kwa makalio na mgongo upande mmoja, mkono wako ujue alipo bila kumvuta wala kumsukuma. Simama ubavu, usimpe mgongo mzima, na mpira upokee kwa mguu ulio mbali naye. Sheria inakuruhusu kuukinga mpira kwa mwili maadamu uko karibu kiasi cha kuucheza. Kilo za mtu mzima huwezi kuzipata mwezi huu, na wala usizikimbilie. Kuchuchumaa na kuinuka, kubana tumbo, kupiga pushapu, vinatosha kwa umri wako, na kuchuchumaa kwenyewe uanze goti likiruhusu.

Kisha shuti linalopaa. Utaambiwa uongeze mazoezi ya nguvu. Sikubaliani. Mpira hupaa kwa sababu mguu wa kusimamia umeachwa nyuma ya mpira, mwili unaegemea nyuma, na mguu unaopiga unaukuta mpira chini ya tumbo lake. Mguu wa kusimamia uweke kando ya mpira, goti la mguu unaopiga liwe juu ya mpira, kifua kiinamie mbele, kifundo cha mguu kikaze. Macho yabaki kwenye mpira hadi uwe umeondoka, goli halihami. Halafu kumbuka tuko wapi. Mji wetu wa Mbeya uko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na mpira uliopigwa kwa nguvu huku unasafiri mbali zaidi. Krosi nazo ni hivyo hivyo: inayoonekana ni yako mara nyingi inakupita kichwani, hivyo chelewesha hatua moja. Siku ya mvua mpira ukigusa nyasi zilizolowa unateleza kwa kasi, ukigusa tope unakufa hapo hapo. Kabla ya mechi kuanza pita ndani ya kumi na nane zote mbili kwa miguu, ukague palipo na tope na palipo na mashimo. Hilo ni jambo la mshambuliaji, na ni wachache wanaolifanya.

Ndani ya kumi na nane nguvu si kitu kikubwa hivyo. Goli lina upana wa mita 7.32. Kipa aliyesimama katikati anapata shida zaidi na mpira wa chini unaopita karibu na miguu yake au unaokwenda pembeni chini, maana lazima aangushe mwili mzima, kuliko ule wa kifuani unaomkuta mikono iko juu tayari. Ufagie kwa upande wa ndani wa mguu kana kwamba unampa mwenzako pasi kali. Na zoea kufunga kwa mguso mmoja. Kumbuka magoli mawili ya Mbwana Samatta ambayo nchi nzima iliyazungumza: la Anfield Novemba 2019 akiwa na Genk dhidi ya Liverpool, na la Wembley Machi 2020 akiwa na Aston Villa kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Yote ni ya kichwa, mguso mmoja tu. Kazi kubwa ilikuwa imeshafanyika kabla mpira haujamfikia. Yatafute kwenye simu uyatazame mara nyingi, ila ukitazama, mfunike mpira kwa kidole, mwangalie yeye tu.

Vivyo hivyo Prisons au Mbeya City wakicheza uwanja wa Sokoine, nenda, na kwa dakika kumi usitazame mpira hata kidogo. Mtazame namba tisa mmoja: anasimama wapi mpira ukiwa kwa wapinzani, anageuza shingo mara ngapi, anaondoka lini. Kwa mazoezi yako mwenyewe huhitaji vifaa. Mawe mawili yawe goli, mwenzako mmoja apige mipira ya chini kutoka pembeni, mwingine awe beki asiyekaba kwa nguvu bali anayesema kwa sauti "nakuona" kila anapokuona. Lengo lako ni mpira ukufikie naye yuko kimya. Mipira michache kwa umakini, goti lisichoke, kisha mpumzike. Mwombe mtu akurekodi mechi moja kwa simu, akufuate wewe badala ya mpira. Na kwenye daftari acha kuandika magoli kwa sasa. Andika ni mara ngapi uligusa mpira ndani ya kumi na nane, na shuti lilipigwa kutoka wapi. Idadi ya miguso ikianza kupanda, magoli yako njiani, hata kama mechi ya nane na ya tisa zitapita kavu.

Kuhusu kocha wako. Anapokuambia usirudi nyuma ana hoja, nami sitaki umdharau. Namba tisa anayeshuka kila mara kufuata mpira katikati huwaacha mabeki wa kati wakipumua, na mpira ukifika pembeni hayumo ndani. Vijana waliokosa goli muda mrefu hufanya hivyo sana, wanatafuta kugusa mpira popote ili wajione wamo. Lakini kusimama tu mbele nako kunakufanya mwepesi kukabwa, kama unavyoona. Njia ya katikati ni kushuka mara chache kwa makusudi: hatua chache, beki akikufuata, nafasi nyuma yake inafunguka kwa winga au namba kumi, asipokufuata, unageuka na mpira. Dhidi ya Zambia, fainali za Mataifa ya Afrika Januari 2024, aliyefunga goli la Taifa Stars ni Simon Msuva, na pasi ilitoka kwa Samatta. Mshambuliaji anayewafungulia wenzake anafanya kazi yake.

Winga je? Baba yako hakosei kuwaza hivyo. Mbio unazo, pembeni unapokea mpira ukitazama mbele, beki yuko mmoja badala ya wawili, na kukwaruzana ni kidogo. Ukiwa winga kwa muda utajifunza hasa jinsi krosi inavyoonekana kutoka kwa anayeipiga, na hilo litakusaidia ukirudi katikati. Hasara yake ni kwamba winga wa timu za mtaa hukimbia kupanda na kushuka mechi nzima, na goti lako kwa sasa halitaki hivyo. Pia kwa umri wako, bado unarefuka, hakuna anayejua mwili utakaokuwa nao ukifika miaka 19, wewe hujui, baba hajui, nami sijui. Kwa hiyo usihame kwa kukimbia aibu ya mechi saba. Ukihama, hama kwa sababu kocha amekuona mazoezini pembeni na mmekubaliana.

Uliuliza kama wewe ni mshambuliaji kweli. Aliyekuwa akifunga karibu kila mechi mwaka jana alikuwa anajua kupiga mpira ukaingia, na hilo halipotei kwa miezi michache. Usichokuwa nacho bado ni kuwapotea mabeki wazoefu, na hicho hufundishika. Mimi ningekuacha namba tisa hadi msimu uishe, nikiwa na sharti moja: goti lipimwe kwanza, na akisema daktari upumzike, upumzike.

Kocha wako mweleze habari ya goti wewe mwenyewe, wiki hii, kabla ya mazoezi na si katikati ya mechi ukishaumia. Msalimie, mwambie umeenda hospitali, mwambie wamesemaje, halafu muombe dakika kumi mwisho wa mazoezi winga wa kulia akupigie mipira ya kurudisha pale kwenye alama ya penalti. Kocha yeyote anayependa kazi yake atakupa hizo dakika kumi.